Mbuzi wa Ovaroli Nyeupe

Yule mbuzi simpendi, na sina mpango wa kumpenda. Kila asubuhi anatokea kwenye televisheni yetu na ovaroli nyeupe pe, anajiita fundi. Fundi gani ana ovaroli nyeupe? Mimi natengeneza jenereta na pampu za maji, na mashati yangu hata mama watoto ameshayakatia tamaa. Mbuzi hana hata spana. Mashine ikigoma anaikumbatia, wenzake wanaimba "Pona, pona, mashine, sote tunakupenda," na mashine inawaka. Plagi haiguswi. Petroli haiulizwi.

Ningevumilia, kama ninavyomvumilia yule kijiko anayelia akiachwa kabatini, na yule tembo wa zambarau anayefundisha watoto rangi za wanyama. Lakini binti yetu, tunayemwita Mkurugenzi kwa sababu rimoti haimtoki mkononi, alianza kunikagua. Karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba. Anakuja, anasimama mlangoni, anatikisa kichwa.

"Baba, mbona huimbi?"

"Siimbi, mama. Natengeneza."

"Fundi wa kweli anaimba."

Nikamshtakia mama yake.

"Yaani unagombana na katuni?"

"Yeye ndiye kaanza."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Iliniuma, nasema wazi. Mtoto wangu wa pekee ananiona fundi feki, na aliyenipiku ni mbuzi.

Kisha shule yake ya chekechea ikaita wazazi waje kuonyesha kazi zao. Mkurugenzi alimuuliza mwalimu, nikiwa nimesimama palepale, kama mbuzi hawezi kuja badala yangu. Nikaapa kwamba nitakwenda hata nikiumwa.

Nilifunga jenereta ndogo nyuma ya pikipiki, nikaenda. Watoto walipangwa uani, mwalimu akanikaribisha vizuri, nami nikawaeleza kwa madaha jinsi mashine inavyokula petroli na kutoa umeme. Nikavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Nikavuta tena, na tena. Jasho likaanza kunitoka.

Mtoto mmoja wa mbele akaanza: "Pona, pona, mashine..." Wenzake wakadakia. Mwalimu naye, kwa roho yake nzuri, akawapigia makofi.

Hapo ndipo nikakumbuka. Koki ya petroli! Sisi mafundi huifunga kabla ya kusafirisha jenereta ili mafuta yasimwagike njiani, na niliifunga kwa mkono wangu huuhuu. Kuifungua ni kazi ya kidole tu. Lakini nikiifungua sasa, mashine itawaka katikati ya wimbo, na sifa zote atachukua mbuzi. Mbele ya mwanangu? Ng'o!

Nikageuza ndoo iliyokuwa pale uani, nikaikalia, nikakunja mikono.

"Kuna tatizo, fundi?" mwalimu akauliza.

"Hakuna. Nasubiri wimbo uishe."

Haukuisha. Watoto wa umri ule wimbo hawaumalizi, wanauzungusha. Wao wakaimba, mimi nikanuna. Mtu mzima na ndevu zangu nashindana na watoto wenye kamasi, na sikuwa tayari kurudi nyuma hata kidogo.

Mkurugenzi peke yake hakuwa akiimba. Aliinuka, akaja mpaka kwenye ndoo.

"Baba, imekufa?"

"Haijafa. Shida yake nimeshaijua. Ila siiwashi na kelele hizi."

Akanitazama usoni. Nilihukumiwa pale, na niliogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya baba mkwe siku ya posa. Kisha akawageukia wenzake, mikono kiunoni.

"Nyamazeni! Baba yangu anafanya kazi!"

Wakanyamaza, mwalimu pia. Nikamwonyesha koki, akaizungusha mwenyewe kwa vidole vyake. Tukasubiri petroli ishuke. Nikavuta kamba, na jenereta ikanguruma mpaka watoto wakaziba masikio.

"Imesikia wimbo wetu!" akapiga kelele yule aliyeuanzisha.

"Wimbo gani?" Mkurugenzi akainua juu kidole chake chenye grisi, wote wakione. "Ilikuwa koki!"