Tamko la Pamoja kwa Mashine ya Kudarizi

Shangazi alikuwa na mashine ya kudarizi yenye sindano kumi na mbili, na alikaa na binti wa kaka yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni akisomea Kichina na uhusiano wa kimataifa. Kwa muda mrefu hawa wawili, mashine na binti, waliishi nyumba moja bila kusumbuana.

Alhamisi asubuhi mashine ikasimama. Sindano ilikuwa katikati ya herufi ya tatu ya jina la shule, kwenye shati la hamsini na moja kati ya themanini, na mashati yalitakiwa kesho yake saa mbili. Kwenye kioo chake kidogo yakatokea maandishi mekundu ya Kichina, yakawa yanawaka na kuzimika.

"Balozi!" Shangazi akaita. Hilo ndilo lililokuwa jina la binti huyo pale nyumbani tangu siku barua ya chuo ilipofika. "Njoo usome."

Balozi akatoka chumbani na mswaki mdomoni. Alijua jambo hili si la mashine peke yake. Kwa baba yake, mezani, kulikuwa na fomu ya chuo cha uuguzi, imejazwa yote isipokuwa sahihi. Baba alikuwa amesema wazi: Kichina kina watu wake bilioni na ushee, hakipungukiwi mtu, wagonjwa ndio wanaopungukiwa na wauguzi. Neno la mwisho alimwachia dada yake, kwa kuwa ndiye anayeishi na mtoto, na ndiye anayemsikia kila asubuhi akikariri kama anayegombana na ukuta. Shangazi alikuwa ameomba afikirie hadi Jumamosi.

"Inasema mhimili mkuu hauko mahali pake," Balozi akasema, baada ya kutazama sana.

"Mhimili ndio nini?"

"Sisi tuliusoma kwenye somo la Vita Kuu ya Pili, nchi za Mhimili. Zilikuwa nchi tatu."

Shangazi akaitazama mashine, akamtazama na mtoto. "Humu ndani hamna nchi tatu. Soma tena."

Akasoma tena. Ilikuwa vilevile.

Kosa halikuwa lake peke yake. Ukiacha kitabu kile cha mwanzo cha baba, mama na habari za asubuhi, mwalimu wao aliwasomesha matamko ya pamoja tu: kiongozi huyu kampokea yule, pande mbili zimesisitiza, pande mbili zimekubaliana kuendelea kukubaliana. Balozi angeweza kulaani uvamizi kwa Kichina bila kuvuta pumzi. Parafujo hakuijua.

Ubavuni mwa mashine kulikuwa na kibati chenye namba ya simu ya kiwanda. Shangazi akakigonga kwa mkasi. "Si ndio wenyewe hawa? Wapigie."

"Shangazi, mimi sijawahi kuongea na Mchina asiye mwalimu."

"Basi utaanza leo. Mimi sina haraka," Shangazi akasema, akakaa juu ya furushi la mashati yaliyobaki.

Simu ikapokelewa na mwanamume aliyekuwa akitafuna. Balozi akasimama wima, akafunga kifungo cha juu cha gauni la kulalia.

"Kwa niaba ya upande wetu," akaanza kwa Kichina, "napenda kutoa shukrani za dhati kwa fursa hii ya mazungumzo ya wazi na ya kirafiki."

Kutafuna kukakoma.

"Upande wetu unafuatilia kwa wasiwasi mkubwa hali ya mhimili mkuu. Tunatoa wito kwa pande zote kujizuia na kurejea mezani."

"Subiri kidogo," yule mtu akasema, kwa sauti ya aliyevaa viatu ghafla. Akaja mwanamke, akahutubiwa vilevile, naye akasema subiri. Wa tatu alikuwa mzee. Alikohoa kwanza, kisha akasema upande wao unauthamini mno uhusiano wa muda mrefu baina ya nchi hizi mbili. Je, mheshimiwa anapiga kutoka ubalozi upi?

"Anasemaje?" Shangazi akanong'ona.

"Anathamini uhusiano."

"Na mashine?"

"Bado hatujafika kwenye mashine."

"Dakika kumi mnasalimiana! Mwambie mwenye mashine ni mimi, na nina kazi ya watu mkononi."

Balozi akafungua mdomo alete sentensi nyingine, akakuta zimekwisha. Matamko yote aliyosoma yaliishia kwenye kupeana mikono. Hakuna hata moja lililowahi kuomba kitu. Ikabidi arudi nyuma kabisa, hadi kile kitabu cha mwanzo.

"Babu," akasema, "mimi si mtu mkubwa. Mimi ni mwanafunzi. Shangazi yangu anashona nguo. Mashine yake haifanyi kazi. Shangazi yangu amekasirika. Tafadhali nisaidie."

Ng'ambo mzee akacheka hadi akakohoa tena, safari hii kikohozi cha kweli. Akamwita "mjukuu wangu". Akamweleza mambo mengi kwa kasi. Balozi akasema hajaelewa. Mzee akaanza upya, polepole, kama anayelisha mtoto uji. Mara ya nne Balozi akashika maneno manne: nyuma, duara, mkono, mia moja.

"Nyuma kuna gurudumu dogo lenye namba," akamwambia Shangazi. "Lizungushe kwa mkono hadi mia moja."

Shangazi akapeleka mkono. Gurudumu lilikuwa kwenye sabini na kitu. Akalizungusha taratibu, na maandishi mekundu yakaondoka. Akabonyeza kitufe, na sindano ikaendelea na herufi ya tatu kana kwamba ilikuwa imetoka kunywa maji tu.

"Mzee anauliza kama hasira zimekwisha."

"Mwambie zimepungua. Na muulize inaharibika nini kingine, nijue mapema."

Wakaongea dakika nyingine ishirini. Balozi akaandika nyuma ya karatasi ya kukatia vitambaa: sindano, uzi, gurudumu, mkanda, mafuta. Hakuna hata neno moja kati ya hayo ambalo lingekuja kwenye mtihani.

Shati la hamsini na tano lilipotoka, Shangazi akampigia kaka yake. Hakuingoja Jumamosi.

"Ile fomu usiitie sahihi."

"Kwani dada, kaongea Kichina kweli? Wakamwelewa?"

"Mwanzo alihutubia," Shangazi akasema, akikata uzi kwa meno. "Wakamwogopa. Baadaye ndipo akaongea."