Ngabo Hajamaliza Kusema

Umeme ulirudi Kasenga, mtaa wa Uvira, mchana, na Ildephonse, jirani anayetengeneza redio, akaja kwa Uwacu na kisanduku cha USB kidogo kama kipande cha sabuni. Waya mmoja aliuchomeka kwenye kompyuta, mwingine kwenye phonie, ile redio ya kuongelea iliyolala kabatini tangu simu zienee mtaani. Kompyuta ilikikataa kisanduku. Akajaribu tundu la pili, kikakubalika.

"Sasa ordinatere iko inasikiliza, mama," alisema.

Ukungu ndio uliotoka kwanza. Ulipenya kwenye spika ukashuka sakafuni, baridi ile ya milimani, na joto lote la ziwa likatoka mlangoni. Ikafuata harufu ya maziwa na moshi wa samadi. Kisha sauti ya Ngabo, kaka yake Uwacu.

Ngabo ndiye aliyeshika phonie ya kijiji chao kule juu. Siku kijiji kilipochomwa, kabla ya simu kuenea, alimwita Uwacu huku Uvira kuomba msaada. Lakini kule, mtu aliyelelewa vizuri haanzi na shida zake. Huanza na ng'ombe. Aliuliza ng'ombe, ndama, majani, mvua, akafika kwenye watoto, na sauti ikakatika. Hakusema "à vous", neno la kumwachia mwenzio zamu, na asiyelisema hajamaliza. Kwa hiyo Uwacu hakuwahi kuweka matanga. Utamzikaje mtu aliye katikati ya maneno yake?

Sasa Ngabo aliendelea palepale.

"...na batoto, balilala muzuri? Sawa, dada. Huku iko moto. Wazee na wamama beko mu kanisa. Ambia bakubwa batume batu ba kututosha mu moto. À vous."

Uwacu alipiga magoti. Maishani mwake hakuwahi kusikia kitu kizuri kama sauti ile, hata machozi yalichelewa. Alipoinuka alimtuma Ildephonse akamlete mkubwa wa ofisi ya serikali.

Mkubwa alikuja kwa pikipiki, akaomba koti, akasikiliza. Hakuuliza marehemu anaongeaje. Alishika kipaza sauti.

"Tumepata. Tuko tunafuata ile dossier, ile faili yenu. À vous."

"Merci, chef," alijibu Ngabo. "Tuko tunangojea."

Mkubwa akarudisha koti, akaenda zake. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakuwahi kungojea ofisi.

Siku hizi umeme ukiwapo, Ngabo huja. Majirani huleta maziwa yapoe mbele ya spika, na watoto wao hucheza kwenye ukungu mpaka nywele zinaloa. Uwacu huvaa sweta, hukaa mbele ya kompyuta na kuanza na ng'ombe, maana adabu ni adabu. Wakishamaliza ndama na mvua na watoto, Ngabo husema moto umefika ku mulango ya kanisa. Kisha huuliza kama batu balishatoka Uvira.

Uwacu hubonyeza kitufe.

"Bado, kaka," husema. "À vous."