Foleni ya Maneno

Jumapili, baada ya kuosha vyombo, binti alikaa mezani akaunganisha maiki ya redio kaseti mbovu na simu ya zamani iliyopasuka kioo. Alizichomelea nyaya kwa risasi, akazifunga kwa mkanda mweusi, akachomeka hedfoni yenye upande mmoja, maana ule mwingine ulikwisha kuliwa na panya. Kisha akamvalisha mama yake.

"Mama, unanisikia?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe ndiyo maana yule mbuzi alikataa kuingia!"

Hapakuwa na mbuzi. Mbuzi alikuwa wa shangazi, na kisa chake shangazi alikisimulia mezani hapo hapo, mwaka ambao masikio ya mama yalianza kufa. Siku ile mama alicheka kwa kutazama midomo ya wenzake. Sasa alikuwa anakicheka kisa chenyewe.

Binti akafungua mipangilio ya simu. Lugha ilikuwa sawa, sauti ilikuwa sawa. Ila kifaa kilianza na neno la kwanza ambalo mama alilikosa, na kilikuwa kinayaleta yaliyofuata kwa zamu.

"Basi kina foleni," alisema jirani mshonaji, aliyekuja kuazima pasi. "Si haba, shoga. Cha dukani kile cha mume wangu kinapiga mluzi tu. Mwache, atatufikia."

Mtaa ukazoea. Mama aliitikia shikamoo za watoto ambao sasa walikuwa na ndevu, nao wakashukuru. Mwenye duka alikuwa anapanga sabuni mama alipomgeukia na kumwambia, "Kiziwi mwenyewe!" Mwenye duka akakumbuka alichowahi kumwita, akaomba radhi. Siku moja mama aliacha kukunja shuka, akasema, "Nimekusikia, mume wangu, nafunga." Akaenda akafunga dirisha. Baba alikuwa amefariki kitambo. Binti alishika ncha ya pili ya shuka, wakamalizia kukunja.

Lakini binti alikuwa na haraka yake. Ndani ya foleni ile mlikuwa na maneno yake mwenyewe. Alipomaliza shule ya msingi alisimama kwenye mlango wa jikoni, mama akiwa amempa mgongo, akasema lililokuwa moyoni. Mama hakujibu. Wakati huo mama alikuwa anauficha uziwi wake, asije akaachishwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Binti akachukua ukimya ule kuwa ndiyo hapana yenyewe, na hakurudia tena.

Kwenye mipangilio palikuwa na mahali pa kasi. Akaiweka mara mbili.

"Punguza," mama alisema papo hapo. "Baba yako hakuwa mtu wa kukimbizwa."

Akapunguza.

Foleni ikafika kwenye siku moja ya kiwandani. Mama alikuwa anamenya viazi, uso umekunjamana kwa kelele za mashine, mara kisu kikasimama. Ndani ya hedfoni, msimamizi wa kiwanda alikuwa nyuma ya mgongo wake, anamwambia fundi mitambo: "Hawa wa mashine za nyuma masikio yao yameshakwisha. Vizibo vya masikio vimo stoo, lakini tukivigawa leo, watauliza kwa nini si jana."

Mama alimrudia binti maneno hayo, akavua aproni. Wakaenda kiwandani wote wawili.

Msimamizi alikuwa ni yule yule. Alimpa mama kiti. Binti akamweleza alichosema zamani, na yeye hakubisha.

"Maneno ni yangu. Lakini mama, hayo yameshapita."

Nyuma ya kioo, wasichana walikuwa wamesimama kwenye mashine zile zile, wameziba masikio kwa nyuzi za pamba. Mama hakuhitaji kusikia jibu. Alinyoosha kidole tu.

"Hao hawajalalamika," msimamizi alimwambia binti.

"Labda hawajasikia ukiwauliza," binti akajibu.

Msimamizi aliwafungulia mlango kwa adabu. Stoo ilibaki imefungwa. Tangu hapo binti akawa anakata sponji za magodoro na kutengeneza vifuniko vya masikio. Kiwanda kikavipiga marufuku. Wasichana wakavivaa chini ya vilemba.

Alasiri moja mama alikuwa anakoroga mchuzi. Mwiko ukasimama. Akageuka, akamtazama binti aliyesimama mlangoni.

"Unataka kuendelea na shule? Usomee mambo ya umeme?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Mbona sauti yako ni ndogo hivyo! Ulikuwa unaniogopa?" Mama akasikiliza tena, akashika kifua. "Nami nikafanya nini, mwanangu? Nionyeshe."

Binti alinyoosha mikono mbele, kama siku ile alipopokea kwake beseni zito la nguo za kufua.

Mama akazima jiko. Ng'ambo ya mtaa mashine za kiwandani zilikuwa zinanguruma, dirisha likitetemeka kama siku zote.

"Jibu ni ndiyo," mama alisema. "Chuo cha ufundi hakijafunga saa hizi. Hebu tua hilo beseni."

Mikononi mwake hamkuwa na beseni. Binti aliinama, akalitua sakafuni taratibu maji yasimwagike, akaenda kuvaa viatu.