Getrude Afuata Ng'ombe Wake

Tangu baba yake azikwe, Getrude alikuwa akiimbiwa wimbo mmoja tu: subiri. Subiri matanga yaishe. Subiri mvua. Subiri wazee wakae. Naye aliposubiri, Maganga, baba yake mdogo, aliswaga ng'ombe wote kutoka Kimamba hadi porini, mbele ya kijiji cha Ulaya. Alichukua hata wale ambao marehemu alimgawia Getrude mbele ya ukoo mzima, wakapigwa chapa ya herufi G mapajani.

Siku hiyo asubuhi alivaa gambuti, akaenda kwa shoga yake Domina, mjukuu wa wakata mkonge, mwenye pikapu ya kubebea nyanya.

"Nipeleke Ulaya."

"Kuna nini?"

"Nafuata ng'ombe wangu."

Domina alimtazama, kisha akaweka kikombe chake cha chai chini. "Ngoja nitie maji kwenye rejeta."

Walipita Kilosa, wakaiacha Masanze nyuma. Ulaya ilikuwa siku ya gulio. Muuza chumvi ya mifugo mmoja, Melkizedek, aliwaelekeza.

"Maganga yuko ng'ambo ya korongo. Lakini dada, kule ni wanaume watupu. Si utume mtu?"

"Mtu mwenyewe ndiye huyu," akajibu Getrude.

Wakaacha barabara kubwa, wakafuata njia ya ng'ombe katikati ya nyasi zilizokauka. Hawakukutana na gari wala baiskeli; vumbi tu, na nzi. Kwenye korongo pikapu ikazama mchangani hadi ekseli.

"Ikigoma, nitakwenda kwa miguu," Getrude alisema.

"Nani kasema inagoma? Shuka usukume. Si ndilo kabila lenu, Wasukuma?"

Getrude alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wakatandika matawi chini ya matairi, Getrude akasukuma, gari likatoka.

Maganga walimkuta ameketi chini ya turubai karibu na zizi, vijana wake wa kuchunga wakimzunguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ugali."

"Sikuja kula. Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu."

Vijana waliacha kutafuna. Kukataa ugali wa baba mdogo ni sawa na kumtemea mate chunguni. Maganga alinawa mikono taratibu.

"Mwanamke huolewa," alisema. "Ng'ombe watahamia kwa watu. Ukoo utabaki na nini?"

"Ndugu yako alipougua nilimwogesha, nikamlisha. Ukoo ulikuwa wapi?"

Maganga akainuka na fimbo yake. "Gusa hilo zizi uone."

Getrude akaligusa. Alishika matawi ya miiba yaliyoziba mlango, akavuta. Miiba ikamchana kiganja, damu ikatoka, akavuta tena. Fimbo ikapanda juu. Hakugeuka.

"Maganga!"

Alikuwa mama mdogo Winnie, mke wake, akitokea jikoni. "Siku ile nilikuwepo. Hao ng'ombe uliwashika pembe wewe mwenyewe wakati wanapigwa chapa. Leo umesahau?"

Hakungoja jibu. Alishika upande wa pili wa matawi, wakavuta wote wawili mpaka mlango ukawa wazi. Maganga akashusha fimbo polepole, bila kumtazama mkewe.

Getrude akaingia, akawatoa wenye G mmoja mmoja. Wengine hakuwagusa.

"Ukitoka na hao," Maganga alisema, "usiniite baba tena."

Hilo lilimchoma kuliko miiba.

"Shikamoo nitakupa popote nitakapokukuta. Kuitika au kunyamaza, hiyo ni juu yako."

Akawatanguliza ng'ombe, Domina akifuata nyuma kwa gia ya kwanza. Walipofika Ulaya watu waliacha biashara zao, wakajipanga kando ya barabara. Basi la kwenda Mikumi lilisimama mbele yao, dereva akapiga honi mfululizo, akimpungia mkono apishe.

Getrude alisimama katikati ya lami, kiganja kimefungwa kitambaa, akamkazia macho. Honi ikanyamaza. Ng'ombe wakavuka kwa mwendo wao, na ndama wa mwisho alipokanyaga nyasi za upande wa pili, ndipo naye akaondoka barabarani.