Kuchomwa Kidogo Kidogo

Nilichokiona kwanza ni mkono. Shangazi alikuwa akipiga pasi nguo za wateja kwa mkono wa kushoto, na maisha yangu yote nilimjua akipiga kwa wa kulia. Pasi yetu ni ya mkaa, nzito kama mtoto aliyelala, na ule mkono haukuizoea. Pasi ilikwenda upande kama mlevi anayetafuta kwao. Sikuuliza. Mimi ni mtu wa kuona na kunyamaza, ndiyo maana shangazi aliniita Kimya, majirani wakadakia, na jina langu lenyewe likapotelea huko.

Kumbe alikuwa na uvimbe kwenye titi la kulia, karibu na kwapa. Hospitali wakautoa. Kidonda kikafunga vizuri, tukadhani yamekwisha. Kisha daktari akamwambia kuwa bado. Ili saratani isirudi, itabidi achomwe mionzi.

Neno hilo moja likaharibu kila kitu. Daktari angesema atamulikwa, shangazi angekubali palepale. Lakini kuchomwa anakujua. Mikono yake ina makovu ya makaa tangu usichana wake, na amewahi kuona cheche moja ikitoboa shati la bwana harusi asubuhi ya harusi yenyewe. Njia nzima ya kurudi nyumbani aligombana na mtu asiyeonekana. Yeye amekuwa kuni? Mtu akitibiwa kwa moto, anayebaki ni nani?

Ilipofika siku ya kuanza, alikubali kwenda kwa sababu moja tu: walimtibu kwa upole, basi hapana yake atawapelekea mwenyewe, kwa heshima. Nikamfuata. Nilijua kwamba akishaitamka, atakuwa amefunga mlango, na shangazi si mtu wa kufungua mlango alioufunga. Ugonjwa ungerudi bila kualikwa.

Tulikaa kwenye benchi chini kabisa ya jengo, mahali ambapo hakuna dirisha na mchana haujulikani. Mbele yetu palikuwa na mlango mnene kuliko ukuta wa chumba chetu. Kijana mwenye ndevu za kuhesabika akatoka, akaketi kando ya shangazi, akajitambulisha kuwa ndiye anayeendesha mashine, yeye ni mtu wa mwanga.

"Mtu wa mwanga, au mwanga mwenyewe?" shangazi akamuuliza. "Maana wanga mimi nawaogopa."

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, mimi usiku nalala."

"Basi afadhali. Mwanangu, kazi yangu ni moto, naujua. Nimekuja kukwambia hapana."

Kijana hakubishana. Alianza kusimulia taratibu, kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Alisema zamani palikuwa na kisu tu, na dawa ya usingizi haikuwepo. Mgonjwa alishikwa na watu wazima akiwa macho. Sauti yake ilikuwa ya chini, mashine ilinguruma nyuma ya ukuta, na mimi nikaanza kuelea usingizini. Nikamwona mwanamke wa zamani zile akija kwenye korido, gauni lake refu likiburuzika, akaketi mwisho wa benchi letu bila kutusalimu. Alikuwa amechoka.

Kijana akasema kisha mionzi ikagunduliwa, watu wakashangilia mwanga unaopenya nyama. Walioendesha mashine za kwanza waliipima kwa kuiwekea mikono yao wenyewe, na vidole vikaungua, vingine vikakatwa. Nao nikawaona wakija, mikono imefungwa bendeji nyeupe, wakatembea bila kishindo na kuketi. Wagonjwa wao walipigwa mionzi mingi kwa mkupuo. Ngozi iliungua, na mara nyingi ugonjwa ulirudi.

"Sasa si ndiyo hayo ninayoyasema?" shangazi akamkatiza.

"Ndiyo, mama. Lakini baadaye wakajaribu kuigawa. Leo kidogo, kesho kidogo. Nyama nzima inapumzika, inajitibu. Ile mbaya haiwahi kupona, kesho inakuta tupo tena."

Shangazi akaanza kusugua goti lake kwa kiganja, mbele na nyuma, polepole, kana kwamba kuna nguo hapo.

"Kama hariri," akasema. "Hariri hukandamizi. Unaweka kitambaa kibichi juu, unapita, unaondoka, unarudi."

Kijana alikiri kwamba hajawahi kupiga pasi hariri, hata shati lake mwenyewe linapigwa na mkewe. Shangazi akalitazama lile shati, akasema inaonekana.

Kisha akanipa viatu vyake nimshikie. Wale waliokuja kwenye ndoto yangu walikuwa wamejaa benchi lote, na aliponyanyuka niliwaona wakivuta miguu ili apite.

Mlango ukafungwa. Kijana akaniruhusu kusimama nyuma yake, palipokuwa na kioo kidogo kinachoonyesha ndani. Shangazi alilala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa. Mashine ikamzunguka kama inayomnusa. Hakukuwa na moto, hakukuwa na hata moshi.

Alipotoka alikuwa na maneno mengi. Alisema ni baridi tu, kitanda kigumu, na kesho atakuja na soksi. Tulipofika kwenye ngazi akanishika bega.

"Kimya, wewe ulikuwa unaniona mle ndani?"

Nikatikisa kichwa kukataa, na yeye akafurahi, akapanda ngazi kama msichana.

Nilikuona, shangazi. Nilikuona ukitetemeka mpaka shuka ikatetemeka nawe, na midomo yako ikitaja jina langu, lile lenyewe. Na mlango ule ungekuwa wa kusukumika, ningeingia nikalala mimi mahali pako.