Vistari vya Siku Kavu

Safu kumi na nne za mahindi ziliishia kwenye karai moja, na karai lenyewe halikujaa. Mama Mvua na mama mkwe wake walikaa barazani wakipukuchua. Punje tano huku, tatu kule, kisha gunzi tupu. Mvua ilikatika wiki ileile mahindi yalipotoa mbelewele, ikakaa miezi miwili bila kurudi, na mahindi yakikosa maji wakati huo hayana msamaha. Soya ndiyo usiseme. Maua yalipukutika yote, na viganda vichache vilivyobaki ukivibonyeza vilitoa hewa.

Mama mkwe alipeta fungu lake, akasema punje hizo zitafika wiki tatu, nne wakijibana. Halafu akauliza lile alilouliza kila asubuhi: bonde lao limeingia kwenye orodha ya mahindi ya msaada au bado? Mama Mvua akajibu kwamba leo anakwenda ofisini mwenyewe.

Jina la Mama Mvua alipewa kwa utani. Kwa miaka saba ndiye aliyetunza kipimo cha mvua cha bonde zima, kikopo cha bati kilichosimikwa katikati ya uwanja wake. Kila siku saa tatu asubuhi alimimina maji yake kwenye bilauri yenye alama, akasoma, akaandika kwenye daftari la serikali. Hakulipwa hata senti. Siku ya kwanza alipewa koti la mvua, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mvua ikichelewa walimwambia aifungulie, ameificha kabatini. Mwaka huu utani ulikwisha wenyewe.

Ofisini alimkuta yule waliyezoea kumwita Bwana Takwimu, mtu mpole, shati limenyooka kwa pasi. Alimkaribisha kiti. Alimuuliza habari za nyumbani na akangoja jibu. Ukali mtu anaweza kuukasirikia, lakini upole kama ule unakufunga mdomo. Akatafuta bonde lao kwenye kompyuta, akapata, akaigeuza ili naye aone.

"Mama, bonde lenu halina njaa," alisema. "Lina ziada."

Kompyuta ilisema msimu huu wamepata milimita mia nne na kumi, mvua ya kutosha mahindi na soya na ya kubakiza. Mama Mvua akasema hajapima mvua hiyo. Siku sitini na moja mfululizo kikopo kilikuwa kikavu, na kila siku alikwenda kukitazama. Akatoa daftari mkobani, akalifungua mezani.

Bwana Takwimu akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Hapa umeandika nini?"

"Kistari. Siku haikunyesha."

"Siku isiyonyesha inaandikwa sifuri, mama. Kistari maana yake hukupima."

Akamweleza bila haraka. Tangu mwaka huu hesabu inafanywa na kompyuta, na kompyuta ikikuta siku haikupimwa inajaza pengo kwa mvua ya kituo cha jirani. Kituo cha jirani kiko mlimani, kwenye shamba kubwa la kampuni, ambako mawingu hayabanduki na soya inamfika mtu kiunoni.

Mama Mvua akasema aliyemfundisha kazi ni Bwana Shamba wa zamani, aliyekwisha kustaafu. Ndiye aliyemwambia siku kavu apige kistari, daftari lisijae masifuri kama la mwanafunzi mjinga. Kwa miaka saba mkaguzi alikuja, akaviona vistari hivyo, akatia sahihi chini yake. Mvua ilipokuwa nzuri, vistari vilikuwa vichache na hakuna aliyevijali.

"Waraka wa mabadiliko ulitumwa," Bwana Takwimu alisema.

"Ulitumwa wapi?"

"Kwa barua pepe."

Mama Mvua akatazama mikono yake. Vidole gumba vilikuwa vimechubuka kwa kupukuchua. Akaomba basi vistari vigeuzwe sifuri, kalamu anayo. Akajibiwa haiwezekani, orodha imeshapelekwa makao makuu, na atakayeigusa sasa ataambiwa anapika takwimu. Akaomba waje walione shamba kwa macho. Bwana Takwimu akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba mashamba ni idara nyingine, na idara hiyo hutumia takwimu zinazotoka hapa.

Kisha akamsogezea karatasi. Ilisema mpimaji wa bonde anakubaliana na jumla ya msimu.

"Nisiposaini?"

"Kituo chako kitafutwa. Kuanzia mwakani mvua yenu yote itasomwa kutoka mlimani."

Mama Mvua alisaini. Alingoja hasira imjie. Haikuja. Alikunja daftari, akaaga, akasahau hata kuomba maji ya kunywa. Nyumbani alimwambia mama mkwe kila kitu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kuanzia kesho watakula mara moja kwa siku.

Siku ya nne lori la serikali lilisimama uwanjani pa shule. Habari ilienea bonde zima kwa kufumba na kufumbua, watu wakaja mbio na ndoo, na madebe, na mabeseni. Mama mkwe alikuwa wa tatu kwenye mstari. Turubai likafunuliwa. Ndani mlikuwa na marobota ya magunia mapya, matupu.

Karani wa ghala la serikali, aliyekuja na lori, alisoma kutoka kwenye karatasi yake. Maeneo yenye ziada yatachangia akiba ya nchi ili kuwasaidia wenzao waliokumbwa na ukame. Kila kaya magunia manane, yarudishwe yamejaa kabla ya mwezi kwisha. Watu wakageuka kumtazama Mama Mvua, aliyesimama kando ya mstari. Hakuna aliyemtukana. Angeshukuru kama mmoja angemtukana.

Mama mkwe alipokea magunia yake manane, akayahesabu. "Na yakirudi hivihivi, mwanangu?"

"Tutaandika mmeuza kwa magendo, bibi," karani alisema, akamsogezea kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa."

Mama mkwe akaweka. Aliyemfuata akaweka, na mstari ukasogea. Magunia yalikuwa mapya na yanateleza, yanasumbua kubeba, kwa hiyo watu waliyakunja wakayashindilia ndani ya ndoo walizokuja nazo, wakajitwika, wakarudi makwao.