Wageni Wawili wa Harusi ya Georgette

Mimi si mtu wa kisirani, waulizeni majirani zangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ila wale wa upande wa kushoto msiwaulize. Lakini Nicodème alinipandisha hasira mwaka mzima.

Mimi na yeye tulianzisha lugha ya kuandikia programu. Tunaiita Tunga, na tuliitunga ili wanafunzi wetu wasianze kompyuta kwa kuhangaika na Kiingereza. Mimi ndiye ninayefundisha. Nicodème ndiye mwenye kompaila, yaani ile programu inayochukua maandishi yetu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaelewa. Hakuna mstari unaoingia mle bila yeye kusema ndiyo, na Nicodème kusema ndiyo, bora usubiri mbuzi aimbe.

Shida ilikuwa kwamba kila programu ililazimika kukaa kwenye faili moja. Darasa langu zima liliandika humo humo, mistari elfu nne. Huyu akigusa juu, kazi ya mwenzake inavunjika chini, halafu matusi. Nilitaka moduli: kila mtu awe na kipande chake kwenye faili lake, na programu kuu iite kipande inachohitaji. Mara tatu nilimwomba, mara tatu akakataa.

"Mama Parfait," akaniambia, "ukifungua mulango, batu mingi bataingia, hautajua nani ni nani. Kompaila yangu iko safi."

Haya. Nikaandika mwenyewe, miezi mitatu. Nikaiweka kwenye nakala yangu ya kompaila, kama kitu cha majaribio, nyuma ya swichi, usipoiwasha huioni kabisa. Nicodème akakuna kidevu, akatoa sharti. Jumamosi tungekwenda mjini Mbarara kwa mwalimu Atuhaire, anayefundisha kompyuta upande wa Nyamitanga, tuijaribu mbele ya wanafunzi wake. Isipokwama, inaingia. Ikikwama, nifute kazi yote palepale, kwa mkono wangu mwenyewe, watu wakiangalia.

"Ikikwama mara ngapi?" nikauliza.

"Mara moja tu," akasema, na akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

Sasa, mjue kwamba Nicodème ni mtu wa protokole kanisani kwetu. Jumapili mgeni akiingia, Nicodème anamsimamisha: jina lako nani, unatoka kanisa gani, nani amekuleta? Na aliyemleta anasimama pia, maana mgeni akiharibu kitu, atakayeulizwa ni yeye. Ni kanuni nzuri. Ilimshinda siku moja tu, kwenye harusi ya binti yake Georgette, na habari hiyo hapendi iguswe.

Kanuni hiyo hiyo niliiweka kwenye moduli. Kila faili, kwenye mstari wa kwanza, liseme jina lake na nani amelileta. Lisiposema, kompaila inalitoa nje. Na maneno ya kulitoa niliyaandika kwa sauti ya Nicodème mwenyewe, neno kwa neno. Yeye hakujua. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mwanangu Parfait akaniuliza kama ninaumwa.

Jumamosi ikafika. Atuhaire akawasha projekta, wanafunzi wake wakaleta moduli zao moja moja, na zote zikapita. Nilianza kukaa kwa raha. Ndipo Nicodème akatoa flashi mfukoni.

"Na mimi niko na kaprogramu kadogo," akasema.

Ndani mlikuwa na mafaili mawili. La kwanza lilisema limeletwa na la pili. La pili lilisema limeletwa na la kwanza. Mchawi huyu! Alitaka kompaila ifuate huyu hadi yule, yule hadi huyu, izunguke bila mwisho mpaka mashine igande. Miezi yangu mitatu ikawa chini ya kidole chake. Akabonyeza.

Skrini ikanyamaza kidogo, kisha yakatoka maandishi makubwa, ukuta mzima:

"Simameni, nyinyi bawili! Huyu anasema ameletwa na ule, ule anasema ameletwa na huyu, na mwenye nyumba habajue. Ni nyinyi ba harusi ya Georgette! Tokeni inje, na nyama muache!"

Darasa likalipuka. "Banange!" Atuhaire akashika kichwa. "Hii kompyuta iko nagombana na nani? Georgette ni nani?"

Nikawaambia, kwani ningeachaje? Siku ile walikuja wanaume wawili wenye suti. Kila mmoja alisema amekuja na mwenzake, na Nicodème akawakalisha meza ya mbele. Wakala, wakacheza, wakaondoka. Hakuna aliyewajua, si upande wa bwana harusi, si upande wetu. Nyama yangu mimi niliyepika tangu alfajiri ndiyo iliyoishia kwao. Nisingesahau! Nilipoanza kuandika moduli, mlango wa kwanza kuufunga ulikuwa ule wao.

Nicodème alisoma ukuta tena, mstari kwa mstari. Nikadhani amekasirika.

"Na mimi ndiye nilibaongezea nyama," akasema polepole, "mara mbili." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

Akavuta kompyuta, akafungua daftari la mabadiliko ya kompaila, akaandika. Nikachungulia: *Moduli. Aliyeleta: Nicodème.*

"Papa Georgette!" nikaruka. "Mwizi we! Jasho langu lote?"

"Soma yote, Mama Parfait. Mbona una haraka hivyo?"

Mstari wa chini uliandikwa: *Aliyetengeneza: Eliane.* Jina langu. Naye akasimama, pale mbele ya watoto wa watu, akafunga kifungo cha koti kama anavyofanya Jumapili.

"Huyu mugeni," akasema, "mimi ndiye nimemuleta. Akiharibu kitu, muniulize mimi."

Machozi yakanitoka, nikainama chini ya meza, nikajifanya natafuta waya wa projekta.

Yale maneno ya harusi bado yamo kwenye kompaila. Mara tatu ameniomba niyafute, mara tatu nimekataa.